Daftari la Asiyekuwepo



Nimeombwa nizungumzie viwango vya uhasibu na usimamizi wa mabenki. Nitavizungumzia, ila naomba tuanzie Kwihara, kilomita chache kutoka ukumbi huu wa hapa Tabora, kwenye lile tembe ambalo watoto wetu wa shule hupelekwa kulitazama. Wengi wetu tunalijua kwa sababu ya wasafiri Livingstone na Stanley waliokaa humo mwaka 1872. Mimi kila nikipita pale nakumbuka hesabu.

Oktoba 1871 Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa, hana kitu. Tegemeo lake lilikuwa shehena ya vitambaa na shanga aliyotumiwa na John Kirk, mwakilishi wa Uingereza kule Unguja. Shehena ilikabidhiwa kwa mtu mmoja, Sherifu, aifikishe. Livingstone aliandika kwamba katika yadi 3,000 za kitambaa hakukuta hata moja, na katika ratili 700 za shanga hakukuta hata uzi mmoja. Sherifu, kwa maelezo yake, alikuwa amepiga ramli, ramli ikasema mwenye mali amekufa, basi akauza vyote.

Itazameni habari hiyo kwa jicho la mhasibu. Mtu mmoja alitunza mali, akaithamini, akaiuza, kisha akawa shahidi wa mauzo yake mwenyewe. Tena yeye ndiye aliyeamua kwamba anayedai hayupo duniani, kwa hiyo deni limekwisha. Hapakuwa na karani wa pili, wala orodha iliyobaki Unguja ikasomwa tena Ujiji. Kazi nne zilikaa katika mkono mmoja, na mwenye mali alikuwa mbali. Kanuni nyingi ninazofundisha darasani, ukizichimbua hadi mzizi, zinajibu jambo hilo moja: mwenye mali hayupo, nani atamsemea?

Watu wa pwani walikuwa na neno lao kwa biashara ya namna hii: mali kauli. Unachukua vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za masango kwa ahadi, unapanda bara, unarudi na pembe za ndovu baada ya mwaka mmoja, miwili, pengine mitatu, ndipo unalipa. Wasafiri Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kufika Kaze, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857. Stanley mwaka 1871 alikwenda haraka sana na bado njia ilimchukua karibu miezi mitatu. Wengi wa waliokopesha Unguja na Bagamoyo hawakuwahi kuvuka Ugogo. Taria Topan, tajiri wa Kihindi, alimkopesha Hamed bin Muhammed, yule tunayemwita Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapa Ituru na kuoa kwa mtemi Fundikira. Tippu Tip alituachia habari za maisha yake kwa Kiswahili, na msomaji akizifungua akitarajia vita tupu atashangaa ni kurasa ngapi zinazohesabu frasila, reali na madeni.

Mkopeshaji aliyebaki Unguja alijilindaje? Mwislamu hakutaka kuitaja riba, basi riba iliingia ndani ya bei. Kitambaa kilichoandikwa daftarini kwa mtu anayekwenda bara hakikuandikwa kwa bei ya sokoni Unguja. Tofauti ile ilibeba mambo mengi: ndui kambini, hongo za Ugogo, wapagazi kutoroka, na kuanzia 1871 vita vya mtemi Mirambo vilivyofunga njia ya Ujiji. Tajiri hakujua ni msafara upi utakaopotea. Alijua kwamba katika misafara mingi mmoja utapotea, akaiandika hasara kabla haijatokea. Shikeni hilo, nitalirudia.

Maneno yetu ya fedha yalipita njia hiyo hiyo pamoja na mizigo. Hundi ilikuwa hati ya Wahindi ya kuhamisha fedha bila kubeba reali begani, na leo mtu akiandika cheki Kiswahili kinamwambia ameandika hundi. Daftari, rasilimali, amana, rehani, dhamana, mfilisi: mengi yalifika bara kabla ya reli. Kwa hiyo ninapomsikia kijana anasema uhasibu ni mambo ya kigeni, namrudisha kwenye njia ya misafara, kwenye miembe iliyooteshwa na watu waliojua kudai na kudaiwa.

Hata hivyo siwezi kulisifu daftari lile nikapita. Ndani yake, karibu na frasila za pembe, waliandikwa watu. Mtumwa alikuwa na bei, aliwekwa rehani, alihesabiwa kufidia upungufu wa pembe. Hesabu zile huenda zilikuwa sahihi hadi pesa ya mwisho. Mkaguzi wa leo angeweza kuzipitia, zikalingana, akatoa hati safi, na mtu aliyeandikwa mle asiwe na njia yoyote ya kusema kwamba yeye si mali. Usahihi wa hesabu na haki ni mambo mawili, na aliyezoea namba husahau upesi. Nawaomba vijana wanaosomea fani hii wasione haya kulisema hata mbele ya wakubwa wao.

Tabora ilipata somo lingine la fedha mwaka 1916. Wajerumani walikuwa wamezingirwa na Waingereza na Wabelgiji, meli haziji, sarafu zimekwisha. Walichapa noti za dharura kwa jina la Deutsch-Ostafrikanische Bank, karatasi duni juu ya karatasi duni. Na hapa hapa, kwa mitambo ya karakana ya reli, wakapiga sarafu za shaba za heller 5 na 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakaingia mjini. Sarafu ya tembo leo inauzwa kwa wakusanyaji wa Ulaya kwa bei kubwa. Noti ni karatasi za makumbusho. Zote mbili zilitoka katika serikali ile ile, kipindi kile kile. Dhahabu ilibeba thamani yake mwenyewe, karatasi ilibeba neno la benki, na benki ilipoondoka neno likaondoka nayo. Ndiyo maana nchi inayotumia karatasi haina budi kuwa na mtu wa kuichunguza benki ingali hai.

Kwetu mtu huyo ni Benki Kuu, iliyoundwa kwa sheria ya 1965 na kufunguliwa Juni 1966. Kabla haijatimiza mwaka likaja Azimio la Arusha, mabenki yakataifishwa Februari 1967, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Wenye umri wangu tunaikumbuka NBC ya wakati ule kama mtu anavyoukumbuka mti mkubwa wa kijijini: ilikuwa kila mahali, na ilionekana haiwezi kuanguka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, ununuzi wa mazao ukapewa mamlaka za serikali, tumbaku yetu ikiwemo. Mamlaka zilinunua kwa fedha za NBC, nyingi zikapata hasara, msimu uliofuata zikakopeshwa tena. Mikopo isiyokuwa na dalili ya kulipwa iliendelea kukaa daftarini kama mali.

Nani angekataa? Aliyekopa alikuwa serikali, aliyekopesha alikuwa serikali, na msimamizi wa wote wawili alikuwa serikali. Sitaki kuwabeza waliofanya kazi pale. Wengi walikuwa waaminifu kuliko sisi, na walifikisha huduma ya benki wilayani mahali ambapo hakuna mfanyabiashara ambaye angethubutu kwenda. Lakini kazi nne za Sherifu zilikuwa zimerudi mkononi mwa mmoja. Baada ya Tume ya Nyirabu kuyachunguza mabenki, sheria mpya ya mabenki ikapita mwaka 1991, na mwaka huo huo kikaundwa chombo kiitwacho LART cha kubeba madeni yaliyoshindikana ili mabenki yapumue. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa, na benki ya NMB ikazaliwa humo. Aliyelipia yale madeni ni mlipa kodi, maana yake sisi sote, pamoja na mkulima ambaye hakuwahi kukopeshwa hata senti.

Leo tunazo kuta mbili za kuzuia hali ile isirudi. Ukuta wa kwanza ni wa wahasibu. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilitungiwa sheria mwaka 1972, na kuanzia Julai 2004 nchi yetu inafuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, vinavyotungwa na bodi iliyoko London. Ukuta wa pili ni wa msimamizi, yaani Benki Kuu, inayotaka kila benki iwe na mtaji wa kutosha kulingana na hatari ya mikopo yake. Msingi hapa kwetu umekuwa asilimia 10 kwa mtaji wa kiini na 12 kwa mtaji wote, zaidi ya ile 8 iliyowekwa na kamati ya kimataifa ya Basel mwaka 1988.

Watu huuliza kwa nini kuta mbili. Kwa sababu zinamtazama mtu tofauti. Kiwango cha uhasibu kinataka picha ya kweli kwa anayefikiria kuweka mtaji wake: mali ni kiasi gani, deni ni kiasi gani, leo. Msimamizi anamtazama mama aliyeweka akiba yake dirishani na asiyeweza kusoma mizania, naye yuko tayari picha iwe nyeusi kidogo kuliko ukweli alimradi akiba ile isipotee. Mara nyingine namba zao hazilingani. Kwa miaka mingi benki zetu zimepiga hesabu ya tahadhari ya mikopo chechefu mara mbili, moja ya kiwango na moja ya Benki Kuu, na ya Benki Kuu ikizidi, tofauti inafungiwa katika akiba ambayo wenye hisa hawaruhusiwi kugawana. Wahasibu wenzangu hulalamika kwamba ni kazi mara mbili. Mimi naona ni kazi inayostahili.

Tarehe 1 Januari 2018 kiwango kipya cha mikopo, kinachojulikana kwa namba yake, IFRS 9, kilianza kutumika duniani. Kiwango kilichotangulia kilisema: usiandike hasara mpaka uone dalili kwamba imetokea. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulionyesha matokeo ya kusubiri hivyo, mabenki ya Ulaya na Marekani yakiwa mazima kwenye karatasi hadi wiki ya kufa. Kiwango kipya kinasema: siku unapotoa mkopo, andika sehemu ya hasara unayoitarajia katika miezi 12 ijayo, mkopaji akianza kuyumba, andika hasara ya uhai wote wa mkopo. Nilipokisoma mara ya kwanza nilimkumbuka yule tajiri wa Unguja na bei zake za kitambaa cha bara. Ilituchukua karne moja na nusu kuliweka wazi daftarini jambo ambalo yeye alilificha katika bei, na katika hilo uwazi ndio faida yetu, kwa maana mkopaji wake hakujua ni kiasi gani cha bei ile kilikuwa kitambaa na kiasi gani kilikuwa hofu.

Siku tatu baadaye, tarehe 4 Januari, Benki Kuu ilifunga benki tano kwa kukosa mtaji unaotakiwa: Covenant, Efatha, ya wananchi wa Njombe, ya wananchi wa Meru na ya ushirika wa wakulima wa Kagera. Kiwango kipya hakikuwa sababu. Tarehe ziligongana tu. Wenye amana walilindwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi 1,500,000 kila mmoja. Mwenye akiba ndogo alipata yake yote. Aliyekuwa na zaidi, tuseme chama kilichoweka fedha za wanachama mia mbili kwa jina moja, alihesabiwa kama mtu mmoja hadi kikomo kile, na salio akalisubiri kwa mfilisi. Wanaushirika, lifikirieni hilo mnapochagua mahali pa kuweka fedha za chama.

Sasa nifike nyumbani, kwenye tumbaku ya mvuke. Mnajua mzunguko wake kuliko mimi. Makisio yanapangwa, chama cha msingi kinaomba mkopo wa pembejeo benki, mara nyingi kwa dola kwa sababu tumbaku nayo imekuwa ikiuzwa kwa dola. Mbolea inakuja, mkulima anapanda, anachuma, anakausha banini, mteuzi anapanga madaraja, kampuni inanunua. Malipo yanapitia benki, benki inakata deni lake kwanza, kinachobaki kinarudi chamani, ushuru unakatwa, na mkulima anapata salio. Kukopa kwa dola si kosa peke yake. Tatizo ni kwamba mkulima anapewa shilingi bila kuoneshwa dola ile ilibadilishwa siku gani na kwa kiasi gani.

Zito zaidi ni dhamana. Mkopo ni wa chama, na wanachama wanadhaminiana. Mwenzako akishindwa, mvua ikimkatalia, au akitorosha tumbaku usiku akaiuza kwingine, deni lake linakatwa kwenye marobota yako. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, maana hapa kiwango cha kimataifa kinagusa shamba. Benki inapopiga hesabu ya hasara inayotarajiwa, inaruhusiwa kuzingatia dhamana iliyo ndani ya mkataba. Dhamana ikiwa nzuri, hasara inayotarajiwa inapungua, vitabu vya benki vinapendeza, na msimamizi anaridhika. Yote ni halali. Lakini hasara haikuyeyuka. Ipo, na imehamia kwa aliyedhamini. Kiwango hicho hicho kinasema kampuni inayomdhamini mwingine lazima iandike dhamana ile kama deni lake. Mkulima si kampuni. Hana mizania. Kwa hiyo hasara imetoka kwenye kitabu kinachokaguliwa na kuingia kwa mtu asiye na kitabu.

Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki kukagua chama kimoja cha msingi katika mkoa huu, nisingependa kukitaja. Hesabu zililingana. Siku ya mkutano mzee mmoja alisimama. Alikuwa amepeleka sokoni marobota 14 ya daraja zuri, mbolea yake ameilipa yote, na mkononi amepata fedha zisizotosha ada ya mjukuu wake. Aliniuliza jina lake limo ukurasa gani. Nikamwonesha: mbolea yake, marobota yake, makato yake. Akasema hayo anayajua. Anataka ukurasa unaosema kwamba yeye anadaiwa deni la fulani na fulani, na kiasi gani, kwa sababu amekatwa. Nilipekua kitabu chote nikiwa nimesimama mbele ya watu. Ukurasa huo haukuwepo. Palikuwa na makato yaliyopewa jina la jumla, na sahihi yake katika fomu ya mkopo ya mwezi wa nane, fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Nilikuwa tayari nimeandaa rasimu ya hati safi. Na kwa viwango vilivyotuhusu, ilistahili kuwa safi. Niliona aibu siku ile, na ninayo hadi leo.

Tazameni jinsi mambo yalivyopinduka. Zamani asiyekuwepo alikuwa mkopeshaji kule pwani, na daftari lilibuniwa limwoneshe asichokiona. Leo mkopeshaji anaona kila kitu kwenye kompyuta, saa yoyote. Asiyeona ni mwenye tumbaku, na yupo hapa hapa, hatua chache kutoka ofisi ya chama.

Vyombo vya kurekebisha tunavyo. Sheria ya ushirika ya 2013 imeunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Shirika la ukaguzi wa vyama, COASCO, lipo tangu 1982. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 imeingiza SACCOS na hata vikundi vyetu vya kuweka na kukopa katika madaraja ya usimamizi, jambo jema katika mji ambao akina mama wengi wamekwishaumizwa na mikopo ya kausha damu. Sihitaji chombo kipya. Nahitaji ukurasa mmoja uongezwe.

Ukurasa huo uwe katika kijitabu cha kila mkulima, kwa Kiswahili. Uandike mkopo wake kwa dola na kwa shilingi, na kiwango cha siku ya kukopa na cha siku ya kulipwa. Chini yake uandike dhamana: chama kimekopa kiasi gani kwa jumla, mimi nimedhamini hadi kiasi gani, na kikomo hicho hakitazidi. Kikomo kikishaandikwa, benki italazimika kupiga upya hesabu ya hasara yake, pengine itoze zaidi kidogo. Nakubali. Ni afadhali hatari ikae penye mtaji na mkaguzi kuliko kwenye bani la mzee wa miaka 70. Wapo watakaosema mabenki yatakimbia tumbaku. Nimelisikia hilo, na si hofu ya bure. Pembejeo zikichelewa wiki tatu msimu umekufa. Ndiyo maana nasema kikomo kiwekwe kwa mazungumzo, chama kwa chama, pamoja na akiba ya msimu mzuri inayotengwa kwa ajili ya msimu mbaya, kama benki zenyewe zinavyolazimishwa kutenga.

Na hati ya ukaguzi isomwe mkutanoni kwa maneno ya watu. Hati safi maana yake hesabu zimeandikwa kwa haki kwa kufuata viwango. Haina maana kwamba chama ni tajiri, wala kwamba kila aliyekatwa alikatwa kwa haki. Mkaguzi asimame aseme hivyo kwa kinywa chake, aulizwe, ajibu.

Wajumbe wa bodi za vyama mliokaa safu ile ya mbele, mikutano ya makisio inakuja kabla ya mvua. Nimechora mfano wa ukurasa ule kwenye karatasi moja, pande mbili, na nimeutolea nakala. Ziko mezani pale mlangoni. Chukueni, mkausome na wanachama wenu, na pale patakapokuwa pamekosewa mnirudishie pamesahihishwa.